Tembe ya Nafsi: Karata Unazojisomea Mwenyewe

Maneno yaliyosemwa mbele ya washauri nasaha, walimu na majirani, Dodoma mjini, Jumamosi jioni

Mbukwenyi! Wazee wameitikia kwa sauti kuliko vijana, na ni haki yao, maana nyumba nitakayoizungumzia jioni hii, tembe ya Wagogo, wao ndio waliolala ndani yake.

Shikamooni wazee wangu. Washauri nasaha wenzangu, walimu, vijana wa chuo, akina mama wa mtaa huu mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi: asanteni sana.

Mama mmoja amenivuta pembeni pale mlangoni, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hizi karata za taroti si ramli?" Swali lake ni la haki, nami nitalijibu kabla ya jambo lolote. Neno ramli asili yake ni Kiarabu, maana yake mchanga. Mpiga ramli wa kale alichora nukta mchangani, nukta zikapangwa katika maumbo 16, na kila umbo lilikuwa na tafsiri yake. Ni elimu, na ina ufundi wake. Lakini tazameni nani anaongea pale. Mteja anauliza, mchanga unajibu, mganga anatafsiri. Mteja akitoka amebeba jina la jirani, au la shangazi, au la mke mwenza. Ndiyo tunayoiita ramli chonganishi, na imetufikisha pabaya: Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa maneno yaliyotoka vinywani mwa watu wa namna hiyo. Mimi siwezi kusimama mbele yenu na kitu kinachotaja jirani. Nimekuja na mtandazo wa karata ambao hakuna mtu anayekusomea. Unatandaza mwenyewe, unajiuliza mwenyewe, unajijibu mwenyewe. Hilo ndilo langu la leo, na yote nitakayosema ni maelezo yake.

Karata zenyewe zimezushiwa mengi. Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia, miaka ya 1440, katika majumba ya watawala wa miji kama Milan na Ferrara, na ilizaliwa ikiwa mchezo. Watu walikaa mezani, wakashindana, wakapoteza fedha. Ikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, akaandika kwamba karata hizi ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi. Tena wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Mfaransa mwingine, Champollion, aliyafumbua mwaka 1822. Lakini hadithi ilikuwa tamu, ikashika, na baada yake karata zikazidi kutumika kuagulia.

Seti ina karata 78. Kati ya hizo 22 ndizo karata kuu, zenye sura za watu na mambo makubwa: Mjinga, Malkia, Mkaa-pweke, Mauti, Mnara, Mwezi, Jua. Hizo 56 zilizobaki zimegawanyika katika mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Sasa wale mliocheza karata barazani, hasa mliotoka Pwani, nisikilizeni. Sisi tunasema kopa, uru, shupaza, pau. Maneno haya tuliachiwa na Wareno. Kwao copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni fimbo. Mafungu ni yaleyale manne! Babu yangu aliyekuwa akibamiza shupaza mezani kila jioni baada ya swala alikuwa anatamka "upanga" miaka yote hiyo. Nilipolielewa hili nilifurahi mno, kwa sababu niliacha kuiona taroti kama kitu cha wageni kilichoshuka jana kwenye simu za vijana. Ni binamu wa karata tulizokwisha kuzikaribisha barazani.

Seti ninayoitumia ni ile iliyochapishwa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite aliipanga, lakini mikono iliyoichora ni ya mwanamke, Pamela Colman Smith, aliyewahi kuishi Jamaica utotoni. Nalitaja jina lake kila ninapopata nafasi, kwa sababu kwa miaka mingi seti hiyo iliitwa kwa jina la mchapishaji na la Waite, na la aliyechora likaachwa.

Nije kwa Jung. Carl Gustav Jung alikuwa daktari wa akili wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1961. Alipokuwa akisikiliza ndoto za wagonjwa wake na kusoma hadithi za mataifa mbalimbali, aliona sura zilezile zinarudi: mama, mzee mwenye hekima, mjanja, shujaa, mtoto. Aliziita akitaipu. Mimi kwa Kiswahili naziita sura za kale. Alidai kwamba binadamu hatuzaliwi na sura hizo zikiwa zimekamilika, tunazaliwa na njia zake, na alizifananisha na mkondo wa mto uliokauka, ambao maji yanaweza kuurudia wakati wowote. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa mfano huo mara mbili. Sote tumevuka korongo kavu mwezi wa kumi tukiona mchanga mtupu, na tumeyaona makorongo hayohayo mvua za Desemba zikishuka.

Jung aliitaja taroti kwa kupita tu. Ni watu waliokuja baadaye walioketi wakaunganisha sura zake na zile karata 22. Kwa hiyo ninachofanya hapa si mafundisho yake neno kwa neno. Lakini kuna kisa chake kimoja ambacho ndicho kilichonipa mwelekeo, nacho kilitokea huku kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1925 Jung alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaendelea hadi Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Alikaa na wenyeji wa mlima ule, akiongea nao kwa Kiswahili cha kujikongoja. Alitaka kujua habari za ndoto zao. Siku moja akamuuliza mzee mmoja, mganga wao, kama anaota. Mzee alijibu huku machozi yakimlengalenga: zamani waganga waliota, wakajua kama vita inakuja au ugonjwa unakuja, lakini tangu wazungu wafike hakuna anayeota tena. Ndoto hazina kazi, kwa sababu sasa Waingereza wanajua kila kitu.

Nikikisoma kisa hiki huwa nafunga kitabu kwanza. Mzee yule alikuwa anasema nini? Anasema akija mtu anayejua yote kwa niaba yako, ndani yako panakauka. Leo mkuu wa wilaya wa kikoloni hayupo, lakini kiti chake hakikubaki kitupu. Wapo wanaokaa juu yake wakitusomea maisha yetu, wengine kwa mchanga, wengine kwa maji yaliyoombewa, wengine kwa karata hizihizi za taroti mbele ya kamera, "wewe mwenye herufi A, kuna mtu anakuwazia". Mtandazo wowote ninaoubuni nauuliza kwanza: je, kuna kiti cha mkuu wa wilaya humu? Kama kipo, nauvunja.

Kuna hatari ya pili, na washauri nasaha mnapaswa kuijua kwa jina. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake binafsi" na kumtaka ayapime usahihi kwa alama 0 hadi 5. Wastani ulizidi 4. Baadaye wakagundua kwamba wote walipewa karatasi moja, yenye maneno yaliyookotwa kwenye kitabu cha nyota. Kwa nini yaliwaingia? Kwa sababu ukimwambia mtu "wakati mwingine una shaka na maamuzi yako", nani atakataa? Karata nazo ni hivyohivyo. Karata yoyote itakuingia. Kwa hiyo msidanganyike kwamba karata imekujua. Kazi yote iko kwenye swali la mahali ilipowekwa. Swali likiwa legevu, utapata karatasi ya Forer. Swali likiwa kali, karata itakupa picha ya kushikilia wakati unajibu.

Ndipo nikaanza kutafuta umbo. Vitabu vina mitandazo mingi, ya msalaba, ya nyota, ya duara. Nilijaribu yote ikanipwaya. Jung mwenyewe mwaka 1909 aliota nyumba: juu sebule nzuri, chini yake vyumba vya zamani zaidi, chini yake ghala la Kirumi, chini kabisa pango lenye mafuvu mawili. Akaielewa kuwa ni nafsi, tabaka juu ya tabaka. Ndoto nzuri, lakini mimi sijawahi kuishi kwenye nyumba yenye pango. Nilichokiona tangu nihamie huku, kila nilipotoka mjini kuelekea Bahi au Mvumi, ni tembe. Kuta fupi za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, vyumba vimeuzunguka ua, na katikati ng'ombe. Nyumba ya Jung inashuka. Tembe inazunguka. Hakuna kilicho chini ya kingine. Kila chumba kinautazama ua. Nikasema, nafsi ninayoijua mimi imejengwa hivi.

Natumia karata 22 tu, zile kuu. Unazichanga, unaziweka zikiwa zimefunikwa, moja langoni, moja mekoni, moja chumba cha giza, moja penye kigoda cha mzee. Katikati, zizini, huweki kitu kwanza.

Langoni ni ile sura tunayoonana nayo hadharani. Jung aliiita persona, neno la Kilatini kwa kinyago cha mwigizaji. Swali lake ni: anayepiga hodi kwangu hupokelewa na nani? Mekoni ni mama, awe mwanamume au mwanamke. Swali lake: nani ananilisha, na ni nani ninayemlisha mpaka mimi nabaki na njaa? Akina mama wengi hukwama hapo kwa jioni nzima, na huwa siwaharakishi. Penye kigoda ni mzee mwenye hekima, na unamuuliza jambo moja tu: ni lipi ambalo tayari nalijua na ninajifanya silijui?

Mjanja wetu, Sungura, nilimwacha nje mwanzoni. Kijana mmoja akanishinda kwa hoja. Akasema, "Mwalimu, mweke juu ya paa. Paa la tembe ni pa kuanikia, na ndiko watoto wanakokatazwa kupanda." Basi anayetaka huweka karata ya tano juu ya paa na kuuliza: ni sheria gani ya nyumba hii imekwisha maana?

Lakini chumba nilichokuja kukizungumzia hasa ni kile cha giza.

Mji huu umepewa jina na kitu kilichozama. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, tope likamvuta, watu wakasema "idodomya", amezama. Zipo simulizi nyingine za jina hili, na kila mzee ana yake, lakini hii ndiyo niipendayo, kwa sababu tembo mzima hazami akawa si kitu. Yupo pale chini. Unajenga mji juu yake.

Jung aliita kivuli yale yote ya kwetu tuliyoyazamisha tukasema si yetu. Waswahili walilijua jambo hilo: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Kwa hiyo swali la chumba cha giza haliwezi kuwa "nina kasoro gani", maana hapo utajibu kama kwenye usaili wa kazi: mimi nina bidii kupita kiasi. Niliandika swali hilo mara nyingi nikafuta. Lililobaki ni hili: ni nani ananiudhi kupita kosa lake?

Nieleze lilivyonifanya mimi. Nilihamia Dodoma mwaka 2017, katika lile wimbi la watumishi waliofuata serikali kuhamia makao makuu. Familia ilibaki Dar es Salaam. Nilikuwa wa kwanza kufika ofisini na wa mwisho kuondoka, na nilijivunia. Kulikuwa na dada mmoja tuliyefanya naye kazi. Saa tisa na nusu alasiri ikigonga, huyo, mkoba begani, anacheka tangu kwenye korido mpaka getini. Alikuwa amemaliza kazi zake. Hakuwa na kosa. Lakini kile kicheko kilinikaa kooni mpaka usiku. Nilimsema kwa wenzangu. Nilimwita mvivu, nalikiri mbele yenu, na kwa cheo nilichokuwa nacho neno langu lilimwumiza.

Jioni moja nikatandaza tembe yangu peke yangu, umeme umekatika, mshumaa mmoja. Chumba cha giza nikafunua. Nilijiandaa kumwona Ibilisi, karata ya 15. Nikakutana na Jua, ya 19: mtoto mdogo, uchi, juu ya farasi mweupe, amenyosha mikono, nyuma yake ukuta wenye alizeti. Nikaikasirikia karata. Nikasema imekosea chumba. Kisha nikarudia swali: ananiudhi kupita kosa lake. Nikamtazama yule mtoto muda mrefu. Mimi ni kifungua mimba wa nyumba ya watoto saba. Sikumbuki kucheza. Nakumbuka kubeba mdogo wangu mgongoni nikitazama wenzangu wanacheza rede. Kicheko cha yule dada ndicho nilichokizamisha nikiwa na miaka minane.

Nilidhani kivuli ni uovu wangu. Kumbe mle ndani kulikuwa na furaha. Na hapa Dodoma, jua la saa saba mchana, nani asiyejua kwamba chini ya kivuli cha mbuyu ndipo watu wanapopumzika? Nilimfuata yule dada nikamwomba radhi. Alishangaa, hakujua nimemchukia kiasi gani.

Ibilisi akikutokea humo, msikimbie. Mtazameni vizuri. Pamela Smith aliwachora mwanamume na mwanamke wamefungwa minyororo shingoni, lakini minyororo imelegea. Wakitaka wanaivua kichwani. Na Mauti, ya 13, amepanda farasi na nyuma yake kabisa, katikati ya minara miwili, kuna jua. Sisemi hivi ili kuwafariji. Nasema tazameni picha kabla hamjatishwa na jina.

Na kama chumba hicho kimekuwa na giza la kutolala wiki nzima, la kusikia sauti, la kutaka kuondoka duniani, weka karata chini. Hapo si pa karata. Tuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe hapa hapa mjini, na ninawasihi tuache kulitumia jina hilo kama tusi. Mshauri anayebaki na mtu wa namna hiyo mkekani kwa sababu anapenda mtandazo wake amefanya kosa kubwa.

Baada ya vyumba vyote, zizi. Kwa Wagogo mali iko pale, na uhai wa nyumba uko pale. Kwa Jung ni Nafsi nzima, inayovikusanya vyumba vyote. Humo sichangi karata. Nazigeuza zote zilizobaki zionekane, na mtu anachagua kwa macho yake. Kuna waliotaka kunipinga: karata ikichaguliwa, bahati iko wapi? Nawajibu kwamba langoni na gizani tunahitaji kushtukizwa, kwa sababu pale tunajificha. Katikati ya nyumba yako hupaswi kupangiwa na bahati.

Nilidhani mtandazo umekamilika. Kisha jirani yangu, bibi wa Kigogo asiyejua kusoma, akaja kuomba chumvi akanikuta mkekani. Nikamweleza. Akazunguka ule mpangilio kama anayekagua nyumba ya kuoa mjukuu wake, halafu akauliza: "Na ng'ombe wanatokea wapi asubuhi?" Nikamwonyesha lango, nikamwambia hilo ni la wageni. Akacheka. "Kwetu lango lilikuwa moja, mjukuu wangu. Alikoingia mgeni ndiko alikotokea ng'ombe."

Nilikuwa nimeliona lango kama mahali pa uongo, pa kinyago. Yeye akaniambia ndipo mali inapotokea kwenda malishoni, na isipotoka, inakufa kwa njaa ndani. Kwa hiyo sasa, baada ya kuchagua ya zizini, tunarudi kwenye karata ya kwanza kabisa, ileile, bila kuibadilisha, na tunaiuliza swali la bibi: kesho asubuhi nitatoa nini hapa?

Mikeka imetandikwa pale nyuma, na karata zipo seti sita, kwa hiyo tutapokezana. Kila mtu atandaze yake, na tafadhali, usichungulie ya mwenzako wala usimtafsirie. Akikuuliza "hii ina maana gani", mrudishie swali la chumba alichomo, kisha nyamaza.